Hakushika panga, lakini yumo kizimbani: Sheria ya nia ya pamoja na kazi ya kumtetea mshtakiwa

Na Mwandishi Wetu

WASOMAJI wa habari za mahakamani wanaifahamu sentensi moja inayorudiwa karibu kila wiki: washtakiwa hawakutakiwa kujibu lolote kwa kuwa mahakama hiyo haina mamlaka ya kusikiliza shauri la mauaji, na kesi imeahirishwa hadi tarehe nyingine itakapotajwa. Mara nyingi walio kizimbani si mmoja. Ni wanne, saba, wakati mwingine zaidi ya kumi, ilhali marehemu ni mmoja na jeraha lililomuua huenda nalo ni moja.

Swali ambalo ndugu wa washtakiwa huondoka nalo mahakamani ni jepesi kulitamka. Kama aliyepiga ni mmoja, hawa wengine wanashtakiwa kwa kosa gani?

Jibu la sheria ni kwamba wanashtakiwa kwa kosa lile lile, na wakitiwa hatiani adhabu yao ni ile ile. Kwa mauaji ya kukusudia, adhabu hiyo Tanzania Bara ni kunyongwa hadi kufa, na jaji hana hiari ya kutoa nyingine. Ndiyo maana utetezi wa mtu wa namna hii ni kazi tofauti na utetezi wa mshtakiwa aliyesimama peke yake, na ndiyo maana maneno ambayo wengi huyategemea, “si mimi niliyempiga,” yana uzito mdogo kuliko wanavyodhani.

Msingi wa jambo hili ni Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16 ya Sheria za Tanzania, katika kifungu ambacho hukumu za miaka mingi zimekitaja kuwa cha 23. (Namba zinazotumika katika makala haya ni zile zilizozoeleka katika hukumu, matoleo mapya ya sheria huweza kuzisogeza na maneno yakabaki yale yale. Zanzibar ina sheria yake ya makosa ya jinai.) Kifungu hicho kinasema, kwa maana yake, kwamba watu wawili au zaidi wakiwa na nia ya pamoja ya kutekeleza jambo lisilo halali kwa kushirikiana, na katika utekelezaji huo likatendeka kosa ambalo kwa asili yake lilikuwa tokeo linalotarajiwa la jambo lile, basi kila mmoja wao huhesabiwa kuwa amelitenda kosa hilo.

Kifungu kinachotangulia, cha 22, kinawagusa wale waliosaidia, waliohimiza au waliowezesha kosa lenyewe. Vifungu hivi viwili huchanganywa mara kwa mara, hata na watu wa sheria. Cha 22 kinauliza: ulisaidia kosa hili? Cha 23 kinakwenda mbali zaidi na kuuliza: mlikubaliana jambo gani, na je, kosa hili lilikuwa linatarajiwa kutokana na jambo hilo, hata kama wewe hukulitaka?

Maneno hayo hayakutungwa Dar es Salaam wala Nairobi. Yaliandikwa na Sir Samuel Griffith, mwanasheria wa Queensland, Australia, katika sheria ya jinai ya koloni hilo iliyopitishwa mwaka 1899 na kuanza kutumika mwaka 1901. Yakapitia Nigeria ya Kaskazini, na mwaka 1930 serikali za kikoloni za Afrika Mashariki zikayapokea. Hivyo msomaji wa Mombasa akifungua kifungu cha 21 cha sheria ya Kenya atakuta maneno yale yale, na Uganda nayo inayo.

Sababu ya kuwapo kwake si mbaya. Majambazi sita wakivamia nyumba usiku, na mwenye nyumba akauawa gizani kwa risasi moja, ni nani atakayethibitisha kidole kilichobonyeza mtambo wa bunduki? Kama sheria ingedai uthibitisho huo kwa kila kesi, genge zima lingetoka huru kwa kunyamaza tu. Aliyekaa nje kulinda njia na aliyeshika tochi walikuwa sehemu ya mauti ile. Hilo hata mawakili wa utetezi hawalipingi.

Tatizo huanza pale kifungu hicho kinapotupwa kama jarife na kuwakusanya pia ambao hawakuwa genge.

Tuchukue mfano wa kubuni. Vijana watatu wa mtaa mmoja wanakubaliana kuingia usiku kwenye eneo la ujenzi na kukata nyaya za shaba. Wana koleo na gunia. Mmoja wao, bila wenzake kujua, ameficha kisu kiunoni. Mlinzi anaamka, purukushani inatokea, yule mwenye kisu anamchoma mlinzi kifuani na wote wanakimbia. Asubuhi yake polisi wanawakamata watatu, na mlinzi amefariki dunia.

Hapa kuna maswali matatu na kila moja lina jibu lake. Kwanza, je, palikuwa na nia ya pamoja ya kutenda jambo lisilo halali? Ndiyo, kuiba. Pili, je, kifo kilitokea katika utekelezaji wa jambo hilo? Upande wa mashtaka utasema ndiyo. Tatu, je, kuuawa kwa mtu lilikuwa tokeo linalotarajiwa la mpango wa kukata nyaya kwa koleo? Hapa ndipo penye vita yote. Kama wale wawili hawakujua habari ya kisu, wakili wao ana hoja nzito kwamba mpango wao ulikuwa wizi, na wizi wa namna hiyo kwa kawaida hauishii kwenye kifo.

Badilisha jambo moja tu katika mfano huo. Wote watatu waliliona panga kabla ya kuondoka nyumbani, na walijua mlinzi analala pale. Hoja ile inaporomoka. Mtu anayekwenda kuiba akiwa na panga mahali anapojua pana mlinzi hatasikilizwa akisema kwamba umwagaji wa damu ulimshangaza. Kwa hiyo katika kesi nyingi za aina hii swali linaloamua uhai wa mshtakiwa ni hili: je, alijua kuhusu silaha, na alijua lini?

Kuna jamii nyingine ya kesi ambayo haina genge wala mpango, nayo inawahusu wakazi wa mijini kuliko wanavyofikiri. Kelele za “mwizi!” zinapigwa usiku, watu wanatoka majumbani, mtu anakamatwa, anapigwa, anachomwa moto. Magazeti huandika kwamba ameuawa na wananchi wenye hasira kali. Sheria haina mshtakiwa anayeitwa hivyo. Ina watu wenye majina, na nia ya pamoja ndiyo njia ya kuwapeleka mahakamani.

Mwaka 1943 iliyokuwa Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika rufani iliyotoka Uganda ambayo wanasheria huiita kesi ya Tabulayenka, iliweka msimamo ambao bado unanukuliwa hadi leo. Ilisema si lazima watu wawe wamekaa na kupatana kabla ya shambulio. Nia ya pamoja inaweza kuzaliwa papo hapo, na mahakama inaweza kuiona kutokana na kuwapo kwao mahali pale, matendo yao, na kushindwa kwa yeyote kati yao kujitenga na shambulio. Mahakama ya Rufani ya Tanzania imeufuata msimamo huo.

Maana yake kwa mtu wa kawaida ni kali. Aliyerusha jiwe moja mguuni kwa marehemu hawezi kujikinga kwa kusema kwamba jiwe lake halikuua. Aliyekwenda kuchota petroli, aliyeleta tairi, aliyemzuia marehemu asikimbie, wote wanaweza kusimama pamoja na aliyewasha kiberiti.

Lakini msimamo huo una upande wa pili, na wakili asiyeusoma wote humpoteza mteja wake. Mahakama haikusema kwamba kuwapo tu kunatosha. Ilitaja kuwapo, matendo na kutojitenga, vikitazamwa kwa pamoja. Mtu aliyesimama barazani kwake akatazama kwa woga hana nia ya pamoja na wauaji, hata kama dhamiri yake itamsumbua kwa kutopiga simu polisi. Utazamaji si kosa la mauaji. Upande wa mashtaka unapaswa kuonyesha jambo alilolifanya au kulisema lililomfanya awe sehemu ya shambulio, na kulithibitisha pasipo kuacha shaka yoyote ya msingi.

Maelezo ya kituoni

Katika kesi hizi utetezi huanza kufanikiwa au kuharibika muda mrefu kabla wakili hajaonekana. Unaanzia kituo cha polisi, katika karatasi inayoitwa maelezo ya onyo.

Mshtakiwa wa kesi ya nia ya pamoja ana kishawishi ambacho muuaji wa peke yake hana. Anaamini kwamba akieleza ukweli kuwa alikuwapo lakini hakupiga, ataachiwa. Basi anasema: “Tulikwenda wote, ila aliyemkata ni mwenzangu, mimi nilikuwa nimeshika tochi.” Machoni pake amejitoa. Machoni pa sheria amekiri kuwapo, amekiri safari ya pamoja, na ameeleza kazi aliyoifanya ndani yake. Amewaandikia waendesha mashtaka nusu ya kesi yao.

Hii si kusema kwamba mtu afundishwe kudanganya. Anayo haki ya kunyamaza, anayo haki ya kuwa na wakili au ndugu wakati anapohojiwa, na sheria inampa polisi muda wa msingi wa saa nne za mahojiano tangu mtuhumiwa alipowekwa chini ya ulinzi, muda ambao unaweza kuongezwa kwa utaratibu maalumu tu. Maelezo yaliyochukuliwa nje ya muda huo bila utaratibu huo yamewahi kukataliwa na mahakama mara nyingi. Wakili anayeanza kazi hutazama kwanza saa: mteja alikamatwa saa ngapi, karatasi inasema ilianza kuandikwa saa ngapi?

Kama mshtakiwa anadai aliteswa au alitishwa, pingamizi hutolewa pale karatasi inapoletwa ipokewe kuwa kielelezo, na jaji hulazimika kusikiliza kwanza kesi ndogo ndani ya kesi ili kuamua kama maelezo yalitolewa kwa hiari. Kungoja hadi wakati wa kujitetea ndipo mshtakiwa aseme kwamba alipigwa ni kuchelewa, na mahakama huyatazama madai hayo kama wazo lililozuka baadaye.

Maelezo ya mwenzake nayo ni hatari. Katika kesi ya watu watano, mmoja akikiri na kuwataja wanne, Sheria ya Ushahidi inaruhusu mahakama kuyazingatia maungamo hayo dhidi ya wengine. Hata hivyo, sheria hiyo hiyo inakataza mtu kutiwa hatiani kwa kutegemea maungamo ya mshtakiwa mwenzake peke yake. Katazo hilo ni fupi, lakini limeokoa watu. Wakili makini huuliza kwa kila mteja: ukiondoa jina lake kwenye karatasi ya mwenzake, kinabaki nini?

Kumtenga mshtakiwa na kundi

Kosa ambalo huonekana zaidi katika kesi za watu wengi ni kuwatetea kwa wingi. Shauri linapofika Mahakama Kuu, washtakiwa wasio na uwezo hupewa wakili kwa gharama ya Serikali, na hutokea wakili mmoja akapewa watu kadhaa. Pale ambapo wote wanasema hawakuwapo, huenda pasiwe na madhara. Pale ambapo wa kwanza anasema hakuwapo, wa pili anasema alikuwapo akijaribu kuamua ugomvi, na wa tatu anasema wa kwanza ndiye aliyepiga, wakili huyo mmoja hawezi kuwatumikia wote. Kila swali atakalomuuliza shahidi kwa faida ya mmoja ni kisu kwa mwingine. Anapaswa kulisema hilo mapema ili washtakiwa wapewe mawakili tofauti, nao ndugu wanayo haki ya kumwuliza.

Ushahidi wa mashahidi nao huja kwa wingi. Shahidi husema: “Niliwaona wakimpiga.” Neno hilo moja, “wakimpiga,” linaweza kumnyonga mtu ambaye hakugusa. Kazi ya maswali ya dodoso ni kulivunja neno hilo vipandevipande. Nani alishika nini? Mshtakiwa wa nne alisimama upande gani? Alisema neno gani? Ulimwona kwa mwanga wa nini, kwa umbali wa hatua ngapi, kwa muda gani? Mwaka 1980, katika kesi ya Waziri Amani, Mahakama ya Rufani ilionya kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu na haupaswi kutegemewa hadi uwezekano wote wa kumfananisha vibaya umeondolewa. Vurugu za usiku, watu thelathini wakikimbia huku na huko, ndiyo mazingira hasa ambayo onyo hilo liliyalenga.

Wakati mwingine shahidi huyo huyo, akiulizwa polepole na bila ukali, hukiri kwamba alimwona mshtakiwa mahali pale na hakumwona akifanya kitu. Kesi ya mtu imewahi kuisha hapo.

Mshtakiwa anayesema alikuwa mahali pengine kabisa anatakiwa kutoa taarifa ya utetezi huo mapema, kabla kesi haijaanza kusikilizwa, au angalau kutoa maelezo yake kabla upande wa mashtaka haujafunga ushahidi. Asipofanya hivyo mahakama inaweza kutoupa uzito wowote. Halazimiki kuthibitisha kwamba alikuwa huko. Inatosha kuzua shaka ya maana. Lakini utetezi huu na ule wa “nilikuwapo ila sikushiriki” haviwezi kukaa katika kinywa kimoja. Anayechagua vyote viwili huonekana mwongo katika vyote viwili, na uchaguzi huo unapaswa kufanywa baada ya kusoma maelezo ya mashahidi, ambayo mshtakiwa husomewa na kupewa nakala zake wakati shauri linapohamishiwa Mahakama Kuu.

Upo pia utetezi wa kujitoa. Mtu aliyekubali mpango anaweza kuuacha kabla kosa halijatendeka, lakini si kwa moyoni tu. Mfano unaotajwa sana ni wa Uingereza mwaka 1975. Mwizi mmoja alimpa mwenzake kisu wakiwa ndani ya nyumba, kisha aliposikia mtu anakuja akasema waondoke, akaruka dirishani. Mwenzake akabaki na kumchoma mtu huyo hadi kufa. Mahakama ilikataa kwamba kuruka dirishani kulikuwa kujitoa. Mtu aliyekwisha kutia kisu mikononi mwa mwenzake alipaswa kufanya jambo kubwa zaidi la kuzuia.

Kwa dereva wa bodaboda aliyekodiwa usiku, mpaka hupita kwenye wakati alipojua. Kama aliwabeba abiria bila kujua walikokwenda wala walichofanya, hana kosa. Kama alijua tangu mwanzo, ni mshiriki kamili. Kama alitambua baada ya tukio na bado akawatorosha, kosa lake ni la kumsaidia mhalifu baada ya kosa, ambalo adhabu yake ni kifungo na si kitanzi. Rekodi za simu, kiasi cha nauli alicholipwa, na alichofanya asubuhi yake huwa na maana kubwa kuliko viapo.

Nafasi ya kuua bila kukusudia

Si kila utetezi unalenga kuachiwa huru. Katika ugomvi wa kilabuni au baina ya majirani, lengo la busara huwa ni kuishawishi mahakama kwamba kosa ni kuua bila kukusudia. Adhabu ya juu ya kosa hilo ni kifungo cha maisha, lakini jaji anaweza kutoa chochote chini ya hapo, hata miaka michache.

Nia ovu hutazamwa kwa mambo ambayo Mahakama ya Rufani imeyataja mara nyingi: aina na ukubwa wa silaha, nguvu iliyotumika, sehemu ya mwili iliyopigwa, idadi ya mapigo, majeraha yenyewe, maneno ya mshambuliaji, na mwenendo wake kabla na baada ya tukio. Nia ya pamoja ya kumpiga mtu makofi si nia ya pamoja ya kumuua.

Je, aliyeua anaweza kukutwa na hatia ya mauaji ya kukusudia na mwenzake akapatikana na hatia ya kuua bila kukusudia tu? Australia, kwenye asili ya kifungu chetu, mahakama yake ya juu ilijibu ndiyo mwaka 1997 katika kesi ya Barlow, ikikisoma kifungu kile kile cha Queensland. Uamuzi huo haufungi mahakama za Tanzania. Lakini maneno ni yale yale, na kwa maoni ya mwandishi huyu ni ajabu kwamba hausikiki zaidi katika hoja za mawakili wetu.

Uingereza, ambako nia ya pamoja ilikuzwa na majaji badala ya kifungu, historia yake inatisha. Novemba 2, 1952, Derek Bentley, kijana wa miaka 19 mwenye uwezo mdogo wa akili, alikuwa juu ya paa la ghala huko Croydon pamoja na Christopher Craig, mwenye miaka 16. Askari alikwisha kumkamata Bentley. Dakika kadhaa baadaye Craig alimpiga risasi na kumuua konstebo Sidney Miles. Craig hakuweza kunyongwa kwa sababu ya umri. Bentley alinyongwa Januari 28, 1953.

Ushahidi uliomwumiza ni maneno ambayo polisi walidai aliyatamka akimwambia Craig, maneno ambayo kwa Kiingereza yanaweza kumaanisha “mpige” au “mpe hiyo bunduki.” Vijana wote wawili walikana kwamba yalitamkwa. Mahakama ya Rufani ilifuta hatia ya Bentley Julai 30, 1998, miaka 45 baada ya kuzikwa.

Kisha Februari 18, 2016, katika kesi ya Jogee, Mahakama ya Juu ya Uingereza ilitamka kwamba sheria ilipotea njia tangu uamuzi wa mwaka 1984 uliotokana na rufani ya Hong Kong. Kwa zaidi ya miaka 30 mtu aliweza kuhukumiwa kwa mauaji kwa kuwa tu aliona uwezekano wa mwenzake kuua. Mahakama ilisema kuona uwezekano ni ushahidi tu wa nia, si nia yenyewe. Jogee mwenyewe alishtakiwa upya na kukutwa na hatia ya kuua bila kukusudia. Australia na Hong Kong zilikataa kuifuata njia hiyo mwaka huo huo.

Kwetu, wakili hawezi kusimama na kudai kwamba Jogee imebadilisha sheria, kwa sababu kipimo chetu kimeandikwa na Bunge: tokeo linalotarajiwa. Kipimo hicho hakiulizi hata mshtakiwa aliona nini kichwani mwake. Kinauliza ni nini kilichotarajiwa kutokana na mpango ule. Kwa upande mmoja kinaweza kumwokoa, maana linalowezekana si lazima liwe linalotarajiwa. Kwa upande mwingine kinaweza kumpeleka kwenye kitanzi mtu ambaye hakutaka mtu yeyote afe.

Uzito wa jambo uko hapo. Kifungu kinachopanua hatia kimeunganishwa na adhabu isiyo na ngazi. Aliyekata shingo na aliyeshika tochi, wakishatiwa hatiani kwa mauaji ya kukusudia, jaji haruhusiwi kutofautisha adhabu zao. Tofauti pekee iliyowekwa ni kwa aliyekuwa na umri chini ya miaka 18 na mwanamke mjamzito. Mwaka 1994 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu alitamka kwamba adhabu ya kifo inakiuka Katiba. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo. Uganda iliondoa ulazima wa adhabu hiyo kupitia mahakama yake ya juu mwaka 2009, na Kenya Desemba 2017. Novemba 28, 2019, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba ulazima huo katika sheria ya Tanzania unakiuka haki ya kuishi, na ikaiagiza Serikali iuondoe.

Hakuna aliyenyongwa Tanzania tangu katikati ya miaka ya 1990. Lakini hukumu zinaendelea kutolewa, na waliohukumiwa hukaa magerezani wakingoja rufani au huruma ya Rais. Taarifa ya kukata rufani kwenda Mahakama ya Rufani inatakiwa iwasilishwe ndani ya siku 30 tangu hukumu, na mfungwa anaweza kuitoa kupitia kwa mkuu wa gereza. Katika rufani ya watu wengi, kila mrufani anayo haki ya kutaka ushahidi dhidi yake upimwe peke yake, na si ajabu kuona majaji watatu wakiwaachia wawili na kuthibitisha hatia ya wengine watatu kwa hukumu hiyo hiyo moja.